Wageni wa Chumba cha Mwisho

Bi Kicheko alikutwa amelala kifudifudi kati ya vitanda viwili, shavu limegusa sakafu, mkono mmoja umenyooka kuelekea dirishani. Juu ya sikio la kushoto damu ilikuwa imeganda, nyeusi kama lami. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya mfuko wa kitambaa uliojaa matambara, na kandokando yake mifuko mingine ilikuwa imetapakaa, mikubwa kwa midogo, mingine imefungwa kwa kamba, mingine kwa soksi kuukuu.

Inspekta alisimama kizingitini, hakuingia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mzito wa kusema, na uzito huo ndio uliomnyima vyeo, maana wakubwa wanapenda mtu wa kuitikia upesi. Nyuma yake alisimama Sajenti, mnene, karibu kustaafu, mkoba wa vifaa begani.

"Amejikwaa," alisema Mkuu wa nyumba ile ya kutunzia wazee. "Inasikitisha, lakini ndivyo ilivyo."

"Nani alimkuta?"

"Mimi mwenyewe. Leo tulikuwa na wageni kutoka makao makuu. Nilipomaliza kuwasindikiza nikapita kuwajulia hali wazee wangu. Nikamkuta hivyo."

Wazee wangu. Alisema hivyo mtu mwenye suti iliyonyooka na kiatu cha kujitazamia, ananukia manukato mpaka unataka kupiga chafya. Mtu ambaye hajawahi kumwinua hata mmoja wao kitandani.

Bila kuulizwa, Mkuu akaeleza kwamba chumba kile kilikuwa cha watu wawili. Marehemu alikuwa na mguu uliolegezwa na kiharusi. Mwenzake, waliyemwita Bi Mifuko, akili yake ilikuwa inakwenda na kurudi, na kazi yake ilikuwa kuokota matambara na kuyajaza mifukoni. Ameonywa mara nyingi, hasikii. Mkuu akaonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani kwa herufi kubwa: SAKAFU WAZI, MAISHA SALAMA. Chini yake kanuni zimejipanga, kwamba vitu visiwekwe njiani, nyaya zisitambae, maji yafutwe yanapomwagika, njia ya kitandani hadi mlangoni isizibwe. Karatasi yenyewe ilikuwa safi, imevikwa nailoni. Lakini karatasi haina mikono ya kuokota kitu.

"Na kuna jambo jingine," Mkuu akashusha sauti. "Tazama mikono ya yule bibi. Imevimba. Mimi sisemi kitu."

"Unasema alimsukuma mwenzake?"

"Sisemi kitu. Ila nimeshapata kibali. Kesho asubuhi gari litakuja kumpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili, kwenye wodi ya kufungiwa. Hapa hawezi kulala tena na mtu."

Inspekta akageuka. Bi Mifuko alikuwa ameketi pembeni mwa kitanda chake, kadogo kama mtoto aliyeadhibiwa, viganja juu ya mapaja vikitazama dari. Alikuwa anamwangalia mwenzake pale chini.

"Huyu bibi amekaa na maiti tangu saa ngapi?"

"Tulihofia kuharibu eneo la tukio," alijibu Mkuu.

 Inspekta aliingia, akamshika bibi kizee kwa kiwiko, akamtoa taratibu mpaka chumba cha jirani, akamfunika shuka mabegani. Kisha akarudi kazini.

Daktari wa polisi alikuwa mtu wa haraka, lakini mguu wa kulia wa marehemu ulimshikilia kwa muda. Katikati ya muundi kulikuwa na jeraha lililopinda kama mwezi mchanga, na ndani yake, alipolimulika kwa tochi, akaona chembe za rangi ya kijani. Akazitoa kwa kibano, akazitia kwenye bomba la kioo.

"Tambara halikati mtu hivi," alisema. "Hiki ni chuma."

"Na kichwa?"

"Ameanguka akakigonga kwenye upande wa kitanda. Damu imevujia ndani ya fuvu polepole."

"Polepole kiasi gani?"

Daktari alivua glavu. "Polepole kiasi cha mtu kuitwa, akaja, akamwahisha hospitali. Hakufa papo hapo, Inspekta. Amelala hapa akiwa hai."

Sajenti alipiga picha, kisha akauinua ule mfuko uliokuwa chini ya mguu wa marehemu. Akaugeuza tumbo. Ulikuwa mkavu, safi, hauna hata tone. Lakini pale sakafuni ulipokuwa umekaa kulikuwa na damu, imekauka, imepasukapasuka. Akauinua wa pili, mambo yale yale.

"Afande," alisema Sajenti, "hii mifuko imefika msibani baada ya mazishi."

Basi hilo likawa wazi. Kuna mtu aliyeileta mifuko baada ya damu kukauka. Mtu huyo alitaka bibi kizee asiye na ndugu wala wakili abebe msalaba usio wake.

Inspekta alikwenda kuketi na Bi Mifuko. Alichuchumaa mbele yake kama binti anayemfunga mama yake viatu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Kicheko ameamka?"

"Bado. Bibi, nani alikuwa chumbani kwenu leo?"

"Wageni."

"Wageni gani?"

"Si wageni tu. Walijaa. Hata pa kutia unyayo hakuna."

"Walisema nini?"

Bi Mifuko alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mjinga. "Wageni wa humu hawasemi. Wanasimama tu."

"Ulimtambua hata mmoja?"

"Yule wa mguu mmoja. Ndiye aliyemshika."

"Alimshika wapi?"

Bibi akajipiga muundi wake wa kulia, palepale, kana kwamba alikuwepo daktari alipomulika tochi.

Sasa hapo ndipo kazi ilipopotea njia. Sajenti akatumwa kumtafuta mtu mwenye mguu mmoja. Akawapigia simu watu wa makao makuu, mmoja mmoja, akiwauliza kwa adabu zote hali ya miguu yao. Wote walikuwa nayo miwili. Mmoja, bwana mkubwa mwenye sauti nzito, alimwuliza kama amelewa. Mwingine alisema hakuna mgeni aliyeingia chumba chochote. Walipitishwa ukumbini na kwenye korido, wakapiga picha, wakaondoka. Mlinzi wa getini naye akaapa kwamba hajaona kilema akipita.

"Mmeona wenyewe," alisema Mkuu, akitabasamu tabasamu la msiba. "Akili imekwisha. Leo ataona mtu wa mguu mmoja, kesho ataona wa vichwa viwili."

Ndipo akatoa simu yake mfukoni ili kuonyesha jinsi nyumba ilivyokuwa nadhifu siku hiyo. Alikuwa na picha nyingi. Yeye na wageni kwenye ukumbi, wazee wamevishwa nguo mpya kama watoto wa sikukuu. Yeye na wageni kwenye korido. Korido ilikuwa tupu toka mwanzo hadi mwisho, sakafu imepigwa nta mpaka taa zinajitazama. Inspekta alizipitia zote pole pole, akamrudishia simu, akasema asante. Mkuu akafurahi. Mtu akizoea kusifiwa hajui tena kutofautisha asante na asante.

Nje, kwenye benchi lililokuwa chini ya dirisha la chumba cha mwisho, aliketi mume wa marehemu. Alikuwa seremala kabla mgongo haujamkatalia, na mgongo huo ndio uliomfanya amlete mkewe pale, kwa kuwa hakuweza kumnyanyua tena. Lakini kila siku alikuja. Alikuja asubuhi akaondoka jioni, kama mtu wa ajira, na wahudumu walimtania kwamba wangemwandikia mshahara. Vumbi la mbao lilikuwa limemwachia kikohozi kisichokoma, na misumeno ilikuwa imemla masikio.

Inspekta aliketi kando yake. Mzee akasimulia bila kulia. Alikuwa amekuja kama kawaida, mlinzi akamzuia. Leo hakuna kuona mtu, kuna wageni, amri ya Mkuu. Akaomba amwone kidogo tu, akaambiwa wageni wakiondoka. Akaona basi, akae hapa chini ya dirisha lake, walau awe karibu.

"Ulisikia lolote, mzee wangu?"

"Mimi sisikii vizuri. Nilisikia kama nyundo."

"Nyundo?"

"Du, du, du. Huko ndani. Nikadhani fundi mwenzangu amepewa kazi. Nikasema moyoni, fundi gani huyu, hana mdundo, anapiga kama mtoto. Halafu akapumzika. Halafu akaanza tena. Halafu akaacha kabisa."

Akakohoa. Inspekta akalitazama dirisha juu yao, kisha akaitazama mikono ya yule mzee, minene, yenye makovu, imelala juu ya magoti haina la kufanya.

Jioni ile mkubwa wa kituo alimpigia Inspekta simu. Alisema amepigiwa na watu wa juu. Nyumba ile inatarajiwa kutangazwa kuwa nyumba ya mfano, nyingine zote ziige, na Mkuu wake anahamishiwa makao makuu. Ajuza amejikwaa kwenye mifuko ya ajuza mwenzake, jambo la kusikitisha. Jalada lifungwe kesho kabla gari halijaja. Inspekta akauliza na damu iliyo chini ya mfuko je. Mkubwa akasema damu ni damu. Hivyo ndivyo walivyo. Aliye juu mngoje chini, wahenga wanasema, lakini wengine hawashuki mpaka uwavute.

Asubuhi ilipofika Inspekta alikuwa mtu wa kwanza kwenye korido. Gari la hospitali lilikuwa limeshaegeshwa getini, dereva anapiga mswaki kando ya tairi. Bi Mifuko alikuwa amevishwa koti, mifuko yake yote imetiwa kwenye gunia la takataka, naye anamwuliza kila anayepita, "Naenda wapi?" Hakuna aliyemjibu. Mhudumu aliyemvisha koti alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, macho mekundu, hataki kumtazama mtu usoni.

Inspekta akamwita pembeni.

"Nani anashika funguo za vyumba?"

"Sijui, afande."

"Hujui, na unafanya kazi hapa?"

"Jana nilikuwa ukumbini nawavisha wazee. Sikuwa huku."

"Nani alikuwa huku?"

"Afande, nina watoto. Niache."

Akaachwa. Maana mtu akiogopa namna ile, anayeogopwa ndiye wa kuulizwa.

Ndipo likaja neno. Msafishaji, kijeba mmoja mchangamfu mwenye ndoo na deki, alitokea mlango wa uani akapaza sauti kwa yule mhudumu kutoka upande wa pili wa korido.

"Dada! Wale wageni nawarudisha koridoni au nawaacha hukohuko uani?"

Dada akaganda. Inspekta akageuka pole pole.

"Wageni gani, kaka?"

Msafishaji akacheka. Hakujua ameshika nini mkononi. "Si watu, afande. Ni vile vikorokoro. Viti vya magurudumu vilivyokufa, vitanda vilivyovunjika, mitungi mitupu, vyuma vya kutundikia dripu. Vinakaa koridoni mwaka mzima, havitengenezwi wala havitupwi. Lakini wakubwa wakija kutembelea, lazima viondoke visionekane. Sasa sisi tunatania, tunaviita wageni, kwa kuwa kila wageni wakija, na vyenyewe navyo vinakwenda kukaribishwa mahali."

"Vinakaribishwa wapi?"

"Chumba cha mwisho." Sauti yake ilianza kupungua. "Wageni wa kweli hawafiki kule."

Kicheko kikamfia mdomoni. Akaweka ndoo chini.

Wakaenda uani. Chini ya turubai la bluu wageni walikuwa wamerundikwa: godoro lililochanika, kitanda kisicho na mguu, kabati lisilo na mlango. Na kiti cha magurudumu cha chuma, kimepakwa rangi ya kijani inayobanduka. Upande wa kushoto kikanyagio chake kilikuwa kimevunjika na kupotea. Upande wa kulia kilikuwepo, kimechomoza mbele, ncha yake imepinda kama mwezi mchanga.

"Huyo hapo," alisema Sajenti. "Mtu wetu wa mguu mmoja."

Kiti kilikuwa kimeoshwa kwa dawa, kinanukia kama hospitali. Lakini aliyeosha aliosha kwa haraka, na bawaba ya kikanyagio ina mianya. Sajenti akapitisha pamba, ikatoka na wekundu. Akatoa na uzi mmoja wa bluu, rangi ya gauni alilokutwa nalo Bi Kicheko. Akavitia vyote kwenye mifuko ya vielelezo. Kwa mara ya kwanza toka jana hakuwa na mzaha usoni.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Huku mgeni kaja, mwenyeji kafa."

Inspekta aliporudi ndani alimkuta dereva ameshamshika Bi Mifuko mkono. Akamwambia amwachie. Dereva akasema ana kibali chenye mhuri. Inspekta akasema huyu ni shahidi wa polisi, na mhuri huo aende nao nyumbani akawapigie watoto wake. Kisha akamketisha bibi kizee, akachuchumaa tena. Safari hii alijua namna ya kuuliza.

"Bibi, wageni wa jana walikuwa na magurudumu?"

"Eeh. Wengine. Walituzungukia mpaka vitandani."

"Kicheko alikuwa anakwenda wapi?"

"Dirishani. Alimsikia mzee wake anakohoa huko nje. Akasema, huyo wangu, ngoja nimpungie mkono asije akaona nimemkasirikia. Akawa anapenya kwa wageni. Yule wa mguu mmoja akamshika."

"Wewe ukafanya nini?"

"Nikaenda mlangoni. Mlango haukutaka." Akaviinua viganja vyake vilivyovimba, vya zambarau. "Nikauomba sana. Haukutaka."

Mhudumu aliyekuwa amesimama pale na gunia akaanza kulia, akaketi sakafuni kama alivyo. Akasema yote, kwa kwikwi. Kwamba Mkuu mwenyewe ndiye anayetembea na funguo siku za wageni. Kwamba alimwona akienda kule mwisho na kurudi. Kwamba wageni walipoondoka aliamriwa yeye avitoe vikorokoro chumbani upesi, msafishaji avipokee mlango wa uani, naye akamwona Bi Kicheko chini, akapiga yowe, akaambiwa akinyamaza ana kazi, asiponyamaza hana. Kiti alikiosha Mkuu, na mifuko akaitandaza kwa mkono wake.

Mkuu alikuwa ofisini, nyuma ya meza kubwa kuliko kitanda cha yeyote mle ndani. Inspekta hakuketi. Sajenti alifunga mlango, akasimama kando yake.

"Naomba simu yako tena," alisema Inspekta. "Zile picha za korido."

"Za nini?"

"Nzuri sana. Nataka nizione tena."

Mkuu akasita, lakini kiburi kikamsukuma. Inspekta akaitafuta moja, akaikuza kwa vidole viwili, akamgeuzia.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, na mkurugenzi wa makao makuu."

"Nyuma yenu?"

"Korido."

"Mwisho wa korido?"

 Mwisho wa korido, mbali, lakini wazi, mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa umefungwa, na kwenye kitasa kilining'inia kishada cha funguo chenye kishikizo chekundu. Kishada kilekile kilikuwa juu ya meza yake sasa, karibu na kikombe.

"Uliwafungia," alisema Inspekta.

"Kwa usalama wao. Ili wasitoke wakajigonga kwenye... wakachanganyikiwa na wageni."

"Wakajigonga kwenye nini?"

Simu ya mezani ikalia. Mkuu akaikimbilia kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Inspekta akaipokea kabla yake. Alikuwa mkubwa wa kituo, anauliza kama jalada limefungwa. Inspekta alimjibu kwamba limefunguka, akakata.

"Endelea. Wakajigonga kwenye nini?"

"Sikumuua mtu."

"Sijakuuliza hilo. Chembe za rangi ziko mguuni mwake, damu yake iko kwenye kiti, mifuko imekaa juu ya damu kavu. Hayo ninayo. Nataka lile nisilokuwa nalo. Ulisikia?"

 Huko nje dereva aliwasha gari, akazima.

"Ulisikia, bwana Mkuu?"

"Nilisikia kishindo," alisema hatimaye. Sauti yake ilikuwa imepungua unene. "Tulikuwa tunaanza kuingia koridoni. Nikawaambia wageni nisubirini kidogo. Nikaenda nikafungua kiasi. Nikamwona yuko chini."

"Hai?"

"Alikuwa anasogeza mkono."

"Ukafanya nini?"

"Wageni walikuwa pale! Wangeona chumba chenyewe. Vitanda viwili na makorokoro yote yale, pa kupita hapana. Na ile karatasi ukutani, nimeiandika mimi. Wangesema nini? Nikasema ngoja waondoke kwanza. Dakika chache tu. Nikafunga."

"Kwa ufunguo."

"Kwa ufunguo. Kwa sababu yule mwingine alikuwa anakuja mlangoni."

Sajenti akaacha kuandika. Inspekta akamfanyia ishara aendelee.

"Halafu?"

"Halafu akaanza kubisha." Mkuu alijifuta uso kwa kiganja. "Anabisha kwa ndani. Anapiga hodi. Hodi, hodi, hodi, kama mtu aliyefika nyumbani kwa jirani. Mkurugenzi akaniuliza ni nini. Nikasema ni mafundi, tunakarabati."

"Akaridhika?"

"Akasema vizuri sana. Akasema ndiyo maana nyumba hii ni ya mfano."

 Inspekta alifikiri kwamba katika dunia nzima neno hodi lina jibu lake moja, na hata adui anapewa, na kwamba bibi yule alilingoja mpaka mikono ikafura.

"Kwa nini chumba kile?" aliuliza. "Una vyumba vingi. Kwa nini kila mara chumba kile?"

Mkuu akamtazama kana kwamba jibu lilikuwa dhahiri, na pengine hilo ndilo lililomfunga kuliko mengine yote aliyoyasema.

"Kile hakina mtu wa kulalamika. Mmoja hawezi kutembea vizuri kuja ofisini. Mwingine hata akisema, nani atamwamini? Nilikuwa nahamia makao makuu, mama. Mwezi ujao. Miaka yote nimeoza hapa na hawa wazee. Nilitaka korido moja tu isiyo na kitu. Korido moja."

"Simama," alisema Inspekta.

Alimsomea makosa yake mbele ya mlango wa ofisi uliokuwa wazi, ili wahudumu wasikie: kuua bila kukusudia, kumfungia mtu kinyume cha sheria, kuharibu ushahidi. Sajenti akamfunga pingu. Wakampitisha katika korido yake, kiatu chake kikilia kwenye nta, na wazee waliokuwa wameketi kwenye milango yao hawakumzomea. Walimtazama tu. Mmoja aliuliza kama huyo ndiye daktari.

Gari la hospitali liliondoka tupu. Gunia la takataka likafunguliwa, na mhudumu akairudisha mifuko ya Bi Mifuko chini ya kitanda chake, mmoja mmoja, ukutani kabisa, njia ikabaki wazi. Chumba kile bila wageni kilikuwa kikubwa. Mtu wa mguu mbovu angeweza kutoka kitandani mpaka dirishani akishika ukingo wa kitanda tu.

Seremala aliingia kuchukua vitu vya mkewe. Alimkuta Sajenti amepiga goti mlangoni, anahangaika na kitasa. Kitasa kile chenye kufuli kilihitajika mahakamani kama kielelezo, na skrubu zake zilikuwa zimeshika kutu. Mzee akamtazama kwa muda, akashindwa kuvumilia.

"Utaharibu mbao," alisema. "Nipe."

Akapewa bisibisi. Akaiegemeza, akapiga kitako chake mara moja kwa kiganja, akazungusha. Skrubu ikalia, ikaachia. Ya pili. Ya tatu. Alifanya kazi ile polepole na kwa unadhifu, kana kwamba kuna mtu atakayekuja kuikagua, na alipomaliza akalitoa kufuli zima kwa mikono miwili, akamkabidhi Sajenti bila neno. Kwenye mbao kulibaki tundu la mviringo.

Inspekta alikuwa amemweleza yote kule nje, hakumficha kitu, wala ile nyundo isiyo na mdundo. Mzee alikuwa ameitikia kwa kichwa tu. Sasa alipitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, akiondoa vijiti vilivyochomoza, visije vikamchoma mtu.

Bi Mifuko alisogea kutoka kitandani, akainama, akatia jicho lake pale.

"Unaona nini, mama?" Seremala akamwuliza.

Alitazama kwa muda mrefu, mikono yake iliyofungwa bandeji imeshika mlango.

"Naona mpaka mwisho," alisema. "Hakuna mtu. Pasafi tu."